Jembe, Kitabu, na Muhula Mmoja Mlimani



Mwaka mmoja, wakati wa kupalilia, mzee mmoja alikuja shuleni kwetu akimshika mwanawe mkono. Akatuonyesha viganja vya mtoto yule, vilivyojaa malengelenge, kisha akasema, "Mwalimu, majembe yako nyumbani kwangu, tena si moja. Sikumleta huyu kwako alime. Nimemleta asome." Tukamkaribisha kiti kwa heshima, tukamweleza ya kuwa kulima nako ni kusoma. Mzee akasikiliza hata tukamaliza, ndipo akauliza neno moja tu: "Nawe, Mwalimu, umelima ngwe ngapi leo?"

Tukanyamaza. Siku ile hatukulima hata ngwe moja. Tulikuwa tumesimama kivulini, fimbo mkononi. Tena, kusema kweli, mtoto yule hakupelekwa shambani ili ajifunze ukulima. Alipelekwa kwa sababu alichelewa kufika asubuhi. Jembe lilikuwa adhabu yake.

Swali la mzee lilitukaa moyoni siku nyingi. Ndipo tulipoanza kutafuta habari za shule nyingine ambako wanafunzi hushika jembe na kitabu pamoja, tupate kujua wenzetu wafanyaje. Katika kutafuta huko tulipata habari za shule moja ya bweni iliyo mlimani, nchi ya Marekani, nayo ina mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, mwanafunzi hukaa huko muhula mmoja tu, yaani miezi minne hivi, kisha hurudi kwao. La pili, wazazi wengi wenye mali hulipa ada kubwa sana ili watoto wao wakalime na kuchanja kuni. Twataka kuwasimulia historia ya shule hiyo na ya nchi yake, kisha tuone kama limo jibu la kumpa mzee wetu.

NCHI YENYEWE

Shule hiyo jina lake ni Mountain School, maana yake Shule ya Mlimani. Iko katika kijiji cha Vershire, jimbo la Vermont, upande wa kaskazini mashariki wa Marekani. Jina la Vermont latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya mlima wa kijani. Na jina la Vershire limeungwa kwa vipande viwili, kimoja cha Vermont na kimoja cha New Hampshire, jimbo lililo jirani.

Milima ya huko si mirefu kama yetu. Mlima uipitao yote katika Vermont, uitwao Mansfield, haufiki futi 4,400, hali Kilimanjaro wapita futi 19,000. Lakini ni nchi ya vilima juu ya vilima, mabonde membamba, mawe mengi, na baridi kali. Katika miezi ya baridi ardhi hufunikwa na theluji, wala mtu hawezi kupanda kitu cho chote nje. Hapo jembe hulala, shoka likaamka.

Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo ni Waabenaki, watu waliowinda, na kuvua, na kulima mahindi mabondeni. Baadaye Wazungu walipanda kutoka nchi za pwani wakitafuta mashamba, na mwaka 1781 Vershire ikapewa hati ya kuwa mji. Mwaka 1791 Vermont iliingia katika umoja wa Marekani, ikawa jimbo la 14.

KONDOO NA SHABA

Wageni wale walikata miti, wakachoma, wakapanda. Mwaka 1811 mtu mmoja, William Jarvis, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Ureno, alileta Vermont kondoo wa aina ya Merino, wenye sufu nyingi tena laini. Viwanda vya nguo vilikuwa vikiongezeka, na sufu ilikuwa na bei. Basi kila mtu akataka kondoo. Hata ilipofika mwaka 1840 palikuwa na kondoo zaidi ya 1,600,000 katika jimbo ambalo watu wake hawakufika 300,000. Msitu ukafyekwa mpaka vilele vya vilima, na mawe yaliyotoka mashambani yakajengwa kuta ndefu za kugawanya malisho.

Lakini utajiri ule haukudumu. Njia za maji na za reli zilifungua nchi za magharibi, ambako ardhi ni tambarare, nzito na rahisi kulimwa; sufu ya huko ikauzwa kwa bei ndogo kuliko ya milimani. Udongo wa vilima nao ulikuwa umechoka na kuchukuliwa na mvua. Vijana wakaondoka, wengine kwenda kulima magharibi, wengine kwenda vitani au viwandani. Nyumba zikaachwa, mapaa yakaanguka, na msitu ukarudi polepole juu ya malisho. Nchi ambayo karibu robo tatu yake ilikuwa imefyekwa, leo karibu robo tatu yake ni msitu tena.

Vershire ilipata jaribu jingine, nalo ni shaba. Katika karne ya 19 mgodi mkubwa ulichimbwa huko, ukaitwa mgodi wa Ely. Wachimbaji walikuja kutoka ng'ambo, na mwaka 1880 wakaaji wa mji walikuwa karibu 1,900. Mawe ya shaba yalichomwa nje katika marundo makubwa, na moshi wake ukaua miti na majani ya pande zile. Kisha bei ya shaba ikashuka, na kampuni ikashindwa kulipa mishahara. Mwezi wa Julai 1883 wachimbaji, waliokuwa wamefanya kazi bila ujira, waliinuka wakaushika mgodi na baruti yake, wakadai haki yao. Gavana akatuma askari, na wakuu wa wachimbaji wakakamatwa. Watu wa huko wanaiita habari hiyo Vita vya Ely, ingawa askari hawakukuta vita. Mgodi ukadhoofika, watu wakatawanyika, na leo Vershire haina hata watu 800. Uchafu wa shaba ungali ukiingia katika maji ya kijito kilichoko chini ya mgodi. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliuandika mgodi ule katika orodha ya mahali penye sumu panapopaswa kusafishwa.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu Shule ya Mlimani imesimama juu ya ardhi iliyochoka na kupona. Mtu atembeaye katika misitu ya Vermont hukuta ukuta wa mawe ukipita katikati ya miti mikubwa, mahali pasipo na nyumba wala njia. Mgeni huuliza, "Nani amejenga ukuta porini?" Jibu ni kwamba hapakuwa pori. Palikuwa malisho. Ukuta ule ni ukurasa wa kitabu, na wanafunzi wa shule hii hufundishwa kuusoma: hapa walilishwa kondoo, hapa palilimwa, maana mawe madogo yametupwa ukutani pamoja na makubwa, hapa ni shimo la msingi wa nyumba ambayo watoto wake walihama wasirudi.

SHULE ILIVYOANZA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bwana mmoja na mkewe, Mac na Doris Conard, walianzisha shule ya bweni katika shamba la Vershire. Nia yao ilikuwa kwamba wanafunzi na waalimu waishi pamoja, wasome pamoja, na walime pamoja. Shule hiyo ilidumu miaka ishirini hivi.

Kisha mwaka 1984 shule kubwa ya zamani, Milton Academy, iliyoko karibu na mji wa Boston na kuanzishwa mwaka 1798, ilianza jambo jipya katika shamba lile lile. Mwaka wa shule huko Marekani hugawanywa mara mbili: muhula wa kwanza huanza mwisho wa kiangazi hata Desemba, na wa pili huanza wakati wa theluji hata mwisho wa masika yao. Basi wakasema: mwanafunzi mwenye miaka 16 au 17, akiwa karibu kumaliza masomo ya sekondari, na aje kutoka shule yo yote, akae nasi muhula mmoja, kisha arudi kwao amalize pamoja na wenzake. Masomo ya hesabu, historia na lugha yasikatike, ili atakaporudi asiwe nyuma.

Idadi yao ni ndogo, wanafunzi 45 hivi kwa muhula, katika shamba na msitu wa ekari zaidi ya 400. Jambo hilo likashika mizizi, na wengine wakaiga. Mwaka 1988 ilianza shule ya muhula huko Chewonki, pwani ya jimbo la Maine; na mwaka 1998 shule iitwayo High Mountain Institute ilipokea wanafunzi wake wa kwanza karibu na Leadville, katika milima ya Colorado, mahali palipo juu futi 10,000 hivi, ambapo mgeni huhema kwa kupanda ngazi tu.

MAISHA YA MWANAFUNZI

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huko Vershire hata siku ya tatu haingojwi sana. Mwanafunzi afikaye na sanduku lake huonyeshwa nyumba atakayolala pamoja na wenzake wachache, kisha huonyeshwa zamu yake. Wengine huamka mapema kuwapa chakula kuku na wanyama wengine. Wengine husaidia jikoni. Wengine huosha vyombo vya watu wote, na katika watu wote hao wamo waalimu na jamaa zao, maana waalimu hukaa papo hapo shambani na kula meza moja na wanafunzi.

Asubuhi ni masomo, nayo si mepesi. Husoma vitabu na kuandika insha. Husoma elimu ya viumbe na mazingira, na darasa la elimu hiyo mara nyingi ni msitu wenyewe. Mwanafunzi hujifunza majina ya miti kwa kuitazama gome na machipukizi, hata wakati wa baridi isipokuwa na majani. Mchana huja saa za kazi: kupalilia, kuvuna viazi na karoti, kukata miti, kuchanja kuni na kuzipanga. Jioni ni kujisomea. Simu na mitambo ya mawasiliano imewekewa mipaka, ili mtu aliye mezani awe mezani kweli.

Katika kazi hizo tumeona jambo moja ambalo latokana na ufupi wa muhula wenyewe. Anayekuja muhula wa kwanza hufika wakati wa mavuno. Huchimba viazi ambavyo hakuvipanda; vilipandwa na mwanafunzi wa muhula uliotangulia, ambaye ameshakwenda zake. Anayekuja muhula wa pili hufika katikati ya theluji, hupanda mbegu ardhi ilainikapo, kisha huondoka kabla ya kuonja. Kadhalika kuni. Kuni mbichi haziwaki. Sharti zikae miezi mingi zikauke. Basi anayechanja leo humwashia moto mtu asiyemjua, naye mwenyewe huota moto wa mtu aliyekwisha kuondoka. Hakuna hata mmoja aonaye kazi yake tangu mwanzo hata mwisho. Kila mmoja huingia akiwa mdeni, hutoka akiwa mdai, wala deni halilipwi kwa fedha.

Iko kazi moja ambayo matunda yake huonekana upesi, nayo ni ya mti uitwao mepo. Mwisho wa baridi, wakati usiku maji hugandapo na mchana jua huyeyushapo, maji matamu kidogo hutembea ndani ya mti huo. Watu hutoboa tundu dogo katika shina, wakakinga maji hayo, wakayachemsha kwa moto mkali mpaka yakawa shira nzito yenye rangi ya asali. Waabenaki na jirani zao walijua kazi hii kabla Wazungu hawajafika. Yatakiwa galoni 40 hivi za maji ya mti kupata galoni moja ya shira. Mtoto wa mjini aliyezoea kuimimina shira juu ya chakula bila kufikiri, akisimama usiku mbele ya moto huo na kuona pipa zima likiwa chupa chache, hahitaji mwalimu wa kumwambia thamani ya kitu.

SIKU ZA UPWEKE

Liko fundisho jingine ambalo huwaogopesha wengi kabla halijafika. Katika muhula kila mwanafunzi hupelekwa msituni akakae peke yake, na siku hizo huitwa kwa neno lenye maana ya upweke. Huwa na turubai la kujikinga na mvua, chakula kidogo, na daftari. Waalimu hujua alipo na humwangalia kwa mbali, lakini hawaongei naye. Hakuna rafiki, hakuna saa ya darasa, hakuna kazi ya kufanya ila kukaa.

Desturi hiyo ina historia yake, nayo inapita karibu na kwetu. Mwalimu mmoja Mjerumani, Kurt Hahn, aliyezaliwa mwaka 1886, alianzisha shule huko Salem, kusini ya Ujerumani, mwaka 1920. Alimpinga Hitler, akafungwa mwaka 1933, akakimbilia Uingereza, na mwaka 1934 akaanzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland. Mwaka 1941, wakati wa vita, yeye na wenziwe walianzisha huko Wales mafunzo yaitwayo Outward Bound, ambayo huwatia vijana katika shida za bahari na mlima ili wajue nguvu zao na wajifunze kusaidiana. Mafunzo hayo yalienea. Katika miaka ya 1950 ilianzishwa shule ya namna hiyo Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na vijana wa Afrika Mashariki walipanda mlima kutoka hapo. Katika mwanzo wa miaka ya 1960 ilianzishwa nyingine katika milima ya Colorado, na huko Marekani desturi ya kumweka kijana peke yake porini ikajulikana sana, hata shule za muhula zikaichukua.

Wasomaji wetu wengine watacheka. Watasema, "Mwanangu huchunga mbuzi peke yake mchana kutwa, wala hatulipi ada." Ni kweli. Lakini tufikiri: mtoto wa mji mkubwa aweza kufika miaka 16 asipate kamwe siku moja ya kimya. Wao wamepungukiwa na kitu ambacho sisi tunacho tele, nao wameona hasara yake mpaka wanakinunua. Je, sisi tulio nacho twakijua thamani yake, au tutangoja kitupotee ndipo tukakinunue?

JEMBE LA NANI?

Sasa twarudi kwa mzee wetu, kwa maana hatutaki kumjibu kwa udanganyifu. Ni rahisi kumwambia, "Tazama, hata Wamarekani matajiri hupeleka watoto wao kulima." Lakini mzee yule angekuwa na haki ya kutujibu, "Jembe lao silo jembe langu." Na historia ya Marekani yenyewe ingekuwa upande wake.

Mwaka 1868, baada ya utumwa kukomeshwa, ilianzishwa shule ya Hampton huko Virginia kwa ajili ya watu weusi, na mwaka 1881 Booker T. Washington, aliyesoma Hampton, akaanzisha ya Tuskegee huko Alabama. Humo wanafunzi walilima, walifyatua matofali, walijenga nyumba zao za kusomea. Wengi walipata maarifa na heshima kwa njia hiyo. Lakini wako watu weusi wenye elimu waliopinga, na mkuu wao alikuwa W. E. B. Du Bois. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1903 alimlaumu Washington kwa kuikuza mno kazi ya mikono na kuishusha elimu ya juu, kwa maana watu wasiopenda maendeleo ya mtu mweusi wangefurahi kumwona akiishia hapo.

Ubishi huo ulivuka bahari ukafika kwetu. Mwaka 1924 wajumbe wa Phelps-Stokes walipita katika Afrika Mashariki kuchunguza shule. Mmoja wao alikuwa James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Walishauri ya kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji, kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na mema yake. Lakini wazazi wengi waliuliza kama mzee wetu: mbona jembe lamiminwa kwetu, na kitabu chapimwa kwa kijiko? Baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea aliandika ya kwamba shule ziwe na mashamba, lakini kwa sababu nyingine: msomi asijione bwana juu ya mkulima aliyemlipia masomo.

Basi jembe ni moja, lakini mikono inayolishika haiko katika hali moja. Mtoto wa Vershire hulishika miezi minne, naye ajua ya kuwa chuo kikuu chamngoja. Njia zake ni kumi, na jembe halifungi hata moja. Mtoto wa mkulima analijua jembe tangu kuzaliwa. Anachokosa ni hizo njia nyingine. Mwalimu akimnyima somo la hesabu ili akapalilie, hakumfundisha kazi. Amemwibia.

TULICHOJIFUNZA

Je, hatuna la kujifunza kwa wale wa mlimani? Tunalo, wala halina ada.

Tumeona, kwanza, kwamba huko jembe halichukui mahali pa kitabu. Saa ya somo ni ya somo. Tumeona, pili, kwamba mwalimu aliye shambani hushika mpini, na mezani hula viazi vile vile. Tumeona, tatu, kwamba mazao huingia katika chungu cha wote, hata cha mtu ambaye bado hajafika. Wachimbaji wa Ely walifanya kazi ngumu kuliko mwanafunzi ye yote wa Vershire, lakini kazi ile haikuwafundisha kupenda kazi, kwa sababu matunda yalikwenda kwingine nao wakabaki na moshi. Mikono ni ile ile, kilima ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anayekula.

Nasi tumejaribu kidogo kidogo. Hatumpeleki tena mtoto shambani kwa kuwa amekosa. Achelewaye hubaki kufagia darasa pamoja na mwalimu wa zamu, na shamba tumeliondoa katika orodha ya adhabu. Kazi ya shamba huanza somo la mwisho likiisha, wala si kabla. Kila mwalimu ana ngwe yake, yenye kigingi chenye jina lake, nayo hutazamwa na watoto kwa jicho kali kuliko la mkaguzi. Mwaka wa kwanza ngwe yetu ndiyo iliyokuwa na magugu kuliko zote, nao watoto hawakuacha kutuambia.

Watoto wa darasa la mwisho walituuliza kwa nini wapande mihogo, hali watakuwa wamekwisha kuondoka itakapokomaa. Tuliwasimulia habari za kuni za Vershire. Mmoja akasema, "Basi miembe tunayokula hapa, aliipanda nani?" Hakuna aliyejua. Walipanda mihogo.

Mzee wetu alipita tena wakati wa mavuno. Hatusemi ya kuwa alikubali maneno yetu, maana hakusema hivyo. Alimwomba mwanawe daftari la hesabu, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa, akatazama kama limejaa. Kisha akatembea mpaka shambani, akasimama mbele ya kigingi chetu, akatazama mahindi, akauliza, "Na haya yataliwa na nani?" Tukamwongoza mpaka jikoni, tukafunua sufuria, tukampa kijiko.